Kimo cha Gitaa la Mjomba Leander

Msuli wa paja langu la kushoto ulinibana pale pale Askofu aliponyanyua mkono na kuwaomba watu wote wanyamaze. Alitaka tuisikie sauti ya Mungu, ile ndogo, isiyo na haraka. Kanisa likatulia. Hata akina mama wazee wa mstari wa mbele waliacha kujipepea. Mimi nilikuwa nyuma ya gitaa la pedali, jasho likinitambaa mgongoni, magoti yamekwama chini ya gitaa kama vidole vilivyobanwa na mlango, nikimwomba Mungu huyo huyo aseme upesi.

Gitaa lile halibebwi begani. Limelala kama meza nyembamba juu ya miguu minne. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, nyayo ziko kazini kwenye pedali, na magoti nayo yana vyuma vyake vya kusukuma huku na huku. Mwili mzima unapiga, kwa hiyo mwili mzima lazima uenee. Na wangu haukuenea. Nilikuwa msichana mrefu kuliko mchungaji wetu, na mchungaji ujanani alicheza mpira wa kikapu.

Gitaa lilikuwa la Mjomba Leander, kaka yake mama, mtu mfupi aliyeubeba ufupi wake kama cheo. Alikuwa amelipiga kanisani tangu kabla sijazaliwa. Alilifanya lilie kama mjane, licheke, limwitikie mhubiri neno kwa neno, mpaka watu wa miji ya mbali wakawa wanavuka mashamba yote ya michungwa kuja kusali kwetu. Kisha ugonjwa wa sukari ukaua nguvu za mguu wake wa kushoto. Siku moja aliikanyaga pedali na pedali haikwenda. Akanikabidhi kiti, maana alinifundisha mwenyewe. Kiti tu. Kimo cha gitaa hakuruhusiwa mtu kukigusa.

"Mjomba, nikiliinua kidogo tu?"

"Unaliinua liende wapi? Limeshafika."

"Magoti yangu hayaingii."

"Yapunguze."

Mama, ambaye hakuogopa mtu isipokuwa ngurumo, alimvaa jikoni mbele ya sufuria ya mboga. "Kaka, mtoto anatembea kama kaa. Ona mwenyewe!"

"Dada," alijibu, bila kuacha kutafuna, "mguu ukipona mimi nitakaa wapi?"

Mama akaigeukia sufuria yake. Daktari alikuwa ameshatuambia sote kwamba mguu ule haungepona, na Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo tulipoambiwa.

Basi nikawa nahangaika na viti. Kiti cha watoto wa shule ya Jumapili kilinipandisha magoti mpaka karibu na masikio. Kiti kirefu cha kaunta kilinikunja mgongo, nikawa napiga kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nikisogea nyuma ili miguu ipumue, mikono ilikuwa haifiki. Siku nyingine nilivizia Mjomba yuko kliniki, nikaweka matofali chini ya miguu yote minne ya gitaa. Lilipanda vizuri mno, ila pedali nazo zilipanda pamoja nalo, visigino vyangu vikabaki vinaning'inia hewani. Mjomba aliporudi aliyatazama matofali, akanitazama mimi, akauliza kama tunajenga.

Upigaji wangu ulianza kuteseka, na wazee wa kanisa hawakuwa viziwi. Wakaanza kunong'ona juu ya kijana mmoja wa mji wa Tampa, fundi wa kupiga gitaa, tena wa saizi ya kawaida. Askofu alikuwa anakuja. Nikiharibu mbele yake, kijana wa Tampa angeitwa.

Kwa hiyo siku ile, katikati ya ukimya ule mtakatifu, nilivumilia. Niliuma mdomo. Nilijaribu kunyoosha mguu polepole, na paja likajibu kwa kujikunja kama kamba inayosokotwa ndani ya nyama. Nikaruka.

Niliruka bila kulitoa gitaa magotini, kwa hiyo tuliruka wote wawili. Kile kipande cha chuma kiliteleza kutoka mwisho wa nyuzi hadi mwanzo, mguu wa kulia ukaishindilia pedali ya sauti mpaka chini kabisa, na spika ikatoa yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, wala sijui lingeandikwaje. Gitaa likatua kwa kishindo. Mimi sikutua. Nilikuwa nazunguka madhabahu kwa mguu mmoja.

"Haleluya!" mtu akapiga kelele, na kanisa likalipuka. Mpiga ngoma akaingia. Kofia zikaruka. Mama yangu mzazi alivua viatu akakata mbuga katikati ya viti, analia kwa furaha kwamba hatimaye binti yake ameshukiwa na Roho.

"Mguu!" nililia. "Nishikeni mguu jamani!"

"Msimguse!" Askofu akanguruma. "Asiguswe mtu aliye mikononi mwa Bwana!"

Basi sikuguswa. Nilirukaruka mpaka msuli ulipochoka wenyewe, nikaanguka kwenye zulia, na wamama wawili wakanifunika shuka jeupe. Kupitia upindo wa shuka nilimwona Mjomba Leander. Ni yeye pekee aliyekuwa amekaa. Alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yanatikisika, na nilidhani analia.

Baadaye, kwenye kuku wa kukaanga, Askofu aliwaambia wazee kwamba asiyetambua upako kama ule akapimwe. Jina la kijana wa Tampa halikutajwa tena. Mjomba alinisogelea na sahani yake, macho bado mekundu.

"Huyo Roho," akanong'ona, "alianzia paja la kushoto, siyo?"

"Mjomba!"

"Mimi alinishukia hapo hapo mara mbili, nilipokuwa natumia gitaa la baba. Baba alikuwa mfupi kuliko mimi." Akamung'unya mfupa, akatazama pembeni. "Kesho asubuhi uje kanisani. Uvae sketi pana."

Nilipofika alikuwa ameshalala chali sakafuni chini ya gitaa, spana mkononi, fimbo pembeni.

"Kaa. Mapaja yalale sawa na sakafu. Visigino chini. Mabega shusha, hujabeba gunia." Akalegeza miguu ya gitaa, mmoja mmoja, akaivuta. "Viwiko vikutane na nyuzi. Goti linaona chuma chake?"

"Linakigusa tu."

"Ndivyo. Liguse, lisisukume."

Gitaa likipanda, zile fito za chuma zinazoshuka hadi kwenye pedali huwa fupi. Lazima ziwekwe nyingine. Alizichomoa kutoka kwenye gazeti alilozifungia. Zilikuwa zimekatwa kwa urefu wangu kamili, zimepindwa vizuri kwenye ncha. Zilikuwa pia na kutu, kutu ya kukaa muda mrefu. Nilizishika nikamtazama. Alikuwa ameshaingia tena chini ya gitaa.

Nilipiga. Sauti ilitoka bila kunigombeza. Mjomba akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hebu nipishe."

Akaketi. Viwiko vyake vilipanda kama vya mtoto mezani kwa wakubwa, na miguu yake yote miwili ikaning'inia, mzima na mgonjwa, hakuna uliofika. Akaitazama kwa muda. Akacheka kidogo puani.

"Ozella. Ingia chini."

Nikapiga magoti, nikashika pedali kwa mikono. Yeye akaanza wimbo wa taratibu wa siku za kubatiza, akiniamrisha kutoka juu: "Ya kwanza... achia. Ya pili, ya pili, binti! Siyo hiyo! Achia!" Tulipiga vibaya sana. Nilikuwa nachelewa kila mahali, naye alikuwa ananingoja kila mahali.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amebeba maua ya Askofu ili ayabadilishie maji. Akasimama.

"Ozella! Toka chini ya hapo, sketi yako hiyo!"

"Asitoke," Mjomba alisema bila kugeuka. "Bado ubeti mmoja."

Mama akaweka maua chini, akavua kofia, akaketi.