Saa Sita ya Mama Mwavita

Hapa Kindu dereva anayejiheshimu haulizwi atafika saa ngapi. Ukimuuliza atakutazama kana kwamba umemtakia msiba, kisha atajibu, "Tutafika." Watu wa magari wanaamini kwamba ukitaja saa ya kufika umeiita panne, yaani kuharibika kwa gari njiani, kwa jina lake, nayo ina masikio. Mume wangu Kakule, Mnande wa Butembo aliyekuja kuuza chumvi na sabuni akabaki kwa ajili yangu, anaendesha jeep yake miaka mingi sasa na hajanitajia saa hata moja. Zamani iliniudhi. Baadaye nikaona kwamba angalau hajawahi kunidanganya, na ni wanawake wangapi wa mtaa wetu wa Mikelenge wanaoweza kusema hivyo?

Basi binti yetu Jessica akaja likizo kutoka Kinshasa, na simu yenye ramani ya dunia nzima. Alitaka kwenda Kibombo. Alizaliwa huko wakati wa vita, nyumbani kwa mama yangu mdogo, Mama Mwavita, nikamrudisha Kindu mgongoni angali mchanga. Tangu hapo hajawahi kurudi. Sasa alitaka twende kwa gari sisi watatu, mchana, polepole, aone michikichi na mashamba ya mpunga na mahali ambapo mto Lualaba unaonekana kutoka mlimani, apige picha.

"Papa, njo masaa matatu tu," alisema, kwa ile "njo" yetu ya kusema "ndiyo", akamwonyesha baba yake mstari wa buluu. "Kilometa mia na kidogo."

Kakule alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Simu yako ilishapita kwenye pont ya miti?"

Kisha akamfundisha, kwa upole, maana mtoto huyu ni jicho lake. Barabara ya Kibombo haihesabiwi kwa kilometa, inahesabiwa kwa mito. Kila mto una daraja la magogo, na kila daraja mtu hushuka, akakagua, akapanga mbao, ndipo gari likapita. Mvua ikinyesha usiku, daraja moja hugeuka mawili. Lori likikwama mbele yako, saa hiyo ni ya Mungu. Halafu kuna watu wanaokufahamu njiani, na huwezi kuwapita bila salamu, labda uwe umeamua kutorudi tena kwa njia hiyo.

"Na uzuri nao iko na saa yake," akamalizia. "Kila foto unashuka, unapanda. Wewe uliihesabu hiyo?"

"Niliihesabu, Papa. Niliongeza."

Hakusema aliongeza kwa ajili gani, na mimi, kwa kimbelembele changu chote, sikuuliza.

Tuliondoka kulipopambazuka, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Sitasema uongo, asubuhi ile ilikuwa nzuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga, wanawake wanaenda shamba na vikapu mgongoni, na Jessica anapiga kelele, "Papa, simama!" kwa kila mchikichi na kila mbuzi. Kakule alisimama kila mara. Nilimwambia kwamba mimi nilipokuwa mchumba wake hakunisimamishia gari namna ile. Akajibu kwamba wakati ule hakuwa na gari, alikuwa na baiskeli, na breki zake zilikuwa viatu.

Kwenye daraja la tatu mbao mbili zilikuwa zimeondoka na maji. Tukashuka. Kakule alikuwa akitafuta magogo pamoja na watu wa kijiji, nami nimekaa juu ya jiwe, nikasikia Jessica akisema polepole, huku akitazama simu isiyo na rezo, mtandao umekatika, "Sasa koko itakuwa namna gani?" Koko ni bibi, yaani Mama Mwavita, ndivyo alivyozoea kusema huko Kinshasa.

"Koko amefanya nini?"

"Nilimupigia jana, Mama. Nilimuambia tutakula pamoja saa sita."

Nilisimama. "Ulimtajia saa?"

"Masaa matatu ya simu, nikaweka matatu mengine juu yake. Nilifikiri inatosha."

Ilikuwa hesabu nzuri kwa mahali pengine popote. Lakini nilimpigia kelele mtoto wa watu mpaka wale waliobeba magogo wakasimama kusikiliza. Kakule alikuja na matope mpaka magotini. "Mama Jessica, hasira haisukume gari." Nikampa na yeye sehemu yake.

Lazima nieleze, kwa sababu Jessica mwenyewe hakuwa anajua, tulikuwa hatujamwambia.

Kwetu mgeni aliyetaja saa yake hangojewi kwa maneno tu. Chakula kinapikwa, kinafunikwa, na mwenye nyumba hali mpaka mgeni afike. Kumtangulia mgeni uliyemkubalia ni kama kumwambia hukuamini kwamba atakuja. Watu wengine siku hizi wanakula kwa siri jikoni, wanafuta mdomo. Mama Mwavita si wa hao.

Wakati wa vita, Kindu ilipozingirwa hata shambani huwezi kufika, nilitoroka na mimba ya Jessica nikashika njia ya Kibombo kwa miguu. Kakule alikuwa amekwama Goma, sikujua kama yuko hai. Mama Mwavita alinipokea, akanizalisha kwa mikono yake, akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Matata, mcheshi, wa umri wangu, aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kwenda kuyabadili na chumvi. Asubuhi moja alimwambia mama yake, "Nitakula hapa saa sita." Mama akapika. Saa sita ikapita. Ile siku hakula, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Alikaa mbele ya chakula kilichofunikwa, na mimi nimekaa naye na mtoto mchanga kifuani, mpaka majirani wakaja wakamnywesha maji kwa nguvu. Matata hakurudi. Hakuna aliyetuletea hata baiskeli yake.

Tangu hapo ukoo mzima tulikatazana. Asitajiwe saa tena. Nikimpigia simu namwambia, "Tutakuja, Mama, Mungu akipenda," basi. Na sasa ana ugonjwa wa sukari. Akikaa na njaa anatetemeka, anaanguka. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa wageni wa kumuua mwenyeji.

Nilimweleza Jessica hayo yote pale kwenye daraja. Alivua viatu vyake vya Kinshasa, akaingia majini kubeba mawe.

Tulipovuka, jua lilikuwa juu tayari. Nilimsimamisha mtu wa pikipiki aliyekuwa akielekea Kibombo na madumu, maana pikipiki hupita mahali gari linapolia. Nikamwambia, "Nyumba ya Mwavita, nyuma ya soko, kila mtu anaijua. Mwambie Victorine amesema ale. Ale! Tuko nyuma, tunakuja." Aliapa atafikisha. Sikumwamini, siku hiyo sikumwamini mtu yeyote aliyekuwa na magurudumu.

Mbele kidogo tukakuta lori limelala ubavu katikati ya njia, na magunia ya mpunga yamepangwa kwenye majani. Watu wanachimba. Hakuna pa kupita. Niliwaambia wachimbe haraka, wakanijibu haraka haraka haina baraka. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na mama mdogo mwenye njaa. Kakule alifunga kebo yake, akavuta, kebo ikakatika, akaifunga tena. Saa sita ilitupita tukiwa hapo hapo. Niliiona ikipita. Jessica alikuwa anatupa matope kwa koleo la kuazima, na hakuinua kichwa.

Njia ilipofunguka tukapanda ule mlima wenyewe. Juu pale Lualaba unaonekana wote, mpana, wa rangi ya chai, na msitu upande wa pili hauna mwisho. Mahali hapo ndipo palipomfanya Jessica aitake safari hii. Kakule alipunguza mwendo bila kuambiwa. Jessica alikuwa na simu mapajani, imelala kifudifudi.

"Piga foto," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Koko iko na njaa. Endesha tu, Papa."

Hasira ikaniishia hapo hapo. Nilimtazama, matope mpaka kwenye nyusi, nikaona ni mtoto wangu na ni mtoto wa yule aliyenizalisha. Nikampa ndizi yangu. Naye akakataa kuila.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye miti tulipoingia Kibombo. Mama Mwavita alikuwa barabarani. Amekaa juu ya kigoda, kikwembe kipya cha kitenge, mtandio mweupe, mikono mapajani, ametazama upande wetu. Nilishuka kabla gari halijasimama.

"Mama Mudogo, umekula?"

"Salimia kwanza, Victorine. Ungali na kelele kama zamani."

Nilimsalimu, nikapiga magoti, nikamshika mikono. Ilikuwa inatetemeka kidogo. "Mutu wa pikipiki hakufika?"

"Alifika. Alisema nikule, muko nyuma. Nikamuuliza, uliwaona na macho yako? Akasema aliwaona, mumejaa matope. Basi nikangoja."

"Na sukari yako?"

"Nilikunywa uji. Uji si chakula. Miye si mupumbavu, nilitaka niwaone ningali muzima." Akanisukuma pembeni, akainuka, akamwita Jessica kwa kidole. Akamshika uso, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai sokoni. "Njo huyu? Njo mutoto wangu?"

Jessica alianza kulia, akaomba msamaha, ramani, simu, mito, maneno yote kwa mara moja. Nikamkatiza, nikamtetea.

"Usimukasirikie, Mama. Alikutajia saa bila kujua. Sisi tulikatazana kukutajia saa, tangu Matata..."

Lile jina sikuwahi kulitamka mbele yake tangu siku zile. Kakule alizima gari.

"Mulikatazana?" akauliza Mama Mwavita.

"Ndiyo, Mama. Tuliogopa utangoja."

Alikaa tena kwenye kigoda chake. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Njo sababu," akasema. "Miaka hii yote nilijiuliza juu ya nini hakuna mutu ananiambia nitakuja siku fulani, saa fulani. Nilisema labda hawanitaki. Wewe, Victorine, kila mara unaniambia Mungu akipenda. Mungu alipenda zamani sana, mwanangu. Njo wewe alikuwa anakungojea."

Mimi nina jibu kwa kila mtu. Waulize sokoni. Siku hiyo nilikaa chini mavumbini, kando ya kigoda chake.

"Leo mutoto aliniambia saa sita," akaendelea. "Tangu asubuhi niko na kazi. Nilifagia, nilichinja jogoo, nilivaa. Majirani wakauliza nani anakuja, nikawajibu. Saa sita ikapita, nikaogopa, siwezi kuficha. Nikakaa na ule woga wangu wa zamani, ninaufahamu, si mugeni. Kisha yule wa pikipiki akasema amewaona. Victorine, wewe hujui ni kitu gani kungoja mutu mwenye anakuja."

Nilimkumbatia nikalia, mbele ya barabara nzima, na sikujali nani ananitazama.

Tuliingia ndani. Wali ulikuwa umepoa chini ya sinia, jogoo, sombe ya majani ya muhogo, vyote vimepangwa. Nilimnawisha mikono kwa birika, kwanza yeye. Akachukua tonge, akalishika, halafu hakulipeleka mdomoni.

"Mutarudi lini?" akaniuliza.

"Mwezi ujao, Mama," nikasema. "Ijumaa ya kwanza."

"Saa ngapi?"

Nilimtazama Kakule. Alikuwa ametoa macho, anatikisa kichwa kidogo kidogo, ananisihi kwa jina la magurudumu yake yote manne. Nilimtazama Mama Mwavita, na mkono wake uliotulia na lile tonge hewani.

"Saa sita," nikasema.

Kakule alifumba macho. Mama Mwavita alicheka mpaka mtandio ukamwanguka begani, na akala.