Jina Lililo Kwenye Kadi

Mchimba visima alikufa Jumatatu asubuhi. Kisima alichokuwa akikichimba kilimporomokea, naye yuko chini futi ishirini. Mwenzake aliyekuwa juu akivuta ndoo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Sote tukakimbilia huko na majembe, lakini tulipomfikia hakukuwa na la kufanya. Tulimzika Jumanne. Jumatano kaka yake akaja kwangu kunyolewa ndevu.

Mimi ni kinyozi, na pia ni katibu wa bima yetu. Nasema yetu kwa sababu hakuna aliyetuletea, tuliianzisha wenyewe. Aliyetutia moyo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, maana hata ukimpelekea kitambaa cha kufutia meza atakikunja pindo kwanza. Marehemu mumewe alikuwa na bima ya kampuni moja ya mjini. Alipofariki, kampuni ikataka cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa shambani, mwaka wa mafuriko. Mama Pindo alikwenda mjini mara saba. Mara ya nane akakuta ofisi imehama, na mlinzi hajui imehamia wapi. Aliporudi akatuita, akatuambia kwamba sisi tunajua nani kafa na nani yu hai bila kuuliza cheti, kwa hiyo tujikatie bima wenyewe.

Kanuni zetu ni chache. Kila mwanachama anatoa kidogo kila mwezi, na kwenye kadi yake anaandikisha jina la mtu mmoja wa kulipwa siku akifa. Siku ya tatu baada ya maziko, mtu huyo anapewa fedha mkononi mbele ya mashahidi wawili. Hakuna njoo kesho.

Kadi ya mchimba visima ilikuwa na jina la mkewe, mwanamke anayevunja kokoto kando ya barabara. Kaka yake alilijua hilo. Kaka mwenyewe tunamwita Bwana Mashine kwa kuwa mashine ya kusaga ni yake, na vyumba vya biashara vilivyotazamana nayo ni vyake pia, changu na cha Mama Pindo vikiwemo. Akajiegemeza kwenye kiti changu, nikampaka povu, akaanza kunieleza taratibu. Marehemu alikuwa damu yake. Mjane ni mtu wa kuja, na kesho ataolewa kwingine. Fedha zingoje kwanza ukoo ukae. Kisha, wembe wangu ukiwa kooni pake, akaniuliza kama paa la chumba changu bado linavuja.

Ungedhani mwenye wembe ndiye mwenye nguvu. Lakini paa lilikuwa lake.

Alipoondoka nikaenda kwa jirani. Mama Pindo alikuwa amebana pini midomoni, anapima mkono wa gauni. Nikamzungushia maneno, kwamba huenda si vibaya kungoja wiki mbili hivi, kwa heshima ya familia. Akazitoa pini moja moja.

"Amekuuliza habari za paa?" akasema.

Nikakiri.

"Mimi ameniuliza habari za mlango. Basi Ijumaa njoo na daftari."

Nilijaribu tena. Nikamwambia tutamwaga unga sote wawili, na umri huu hauruhusu kuanza upya. Akanijibu kwamba yeye alishangoja mara moja maishani mwake, na kilichomfikia ni mlinzi asiyejua ofisi imehamia wapi. Akarudisha pini midomoni. Kwa Mama Pindo, hapo mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa saa nne asubuhi tukaenda, pamoja na yule aliyekuwa akimvutia marehemu ndoo. Nyumba ya marehemu ni chumba kimoja na kiukumbi. Viatu vyake vya mpira vilikuwa bado nyuma ya mlango, vimeganda udongo mwekundu. Bwana Mashine alishatangulia, amekalia kiti pekee chenye mgongo. Mjane alikuwa mkekani na wanawe wawili, mikono yake mapajani, vumbi la mawe limemkaa kwenye nyufa za vidole mahali ambapo sabuni haifiki. Juu ya kigoda kulikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri sana na kidau cha wino wa kupigia dole gumba.

Karatasi ilisema kwamba mjane anamwachia shemeji yake fedha zote, azitunze kwa niaba ya watoto.

"Ameshakubali," Bwana Mashine akasema. "Ana majonzi, msimchoshe."

Mama Pindo alichuchumaa mbele ya mjane, magoti yakimlia, mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mwanangu, umekubali?"

Mjane akatazama vidole vyake. Alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za furaha, na watu walizoea kumsemea. Sitaficha kitu: moyoni nilikuwa namwomba akubali, tutie sahihi, kila mtu arudi kwenye kazi yake.

"Shemeji ndiye amesema nimekubali," akasema. "Mimi sijasema neno tangu Jumanne."

Bwana Mashine akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima kwa mtoto, akamwambia afikirie wanawe watakula wapi.

"Nawafikiria. Ndiyo maana nazitaka mkononi mwangu." Akainua uso, akamtazama moja kwa moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Shemeji, mume wangu alijua kuliandika jina lako. Aliandika langu."

Bwana Mashine akanigeukia mimi. Akasema kinyozi ni mtu mwenye akili, anajua anakofanyia kazi. Nikamtazama Mama Pindo, naye hakunitazama. Alikuwa anafungua fundo la leso lenye fedha za bima, kana kwamba la kwangu lilishaamuliwa zamani.

Nikafungua daftari. Mwandiko wa siku ile upo mpaka leo, kama kuku kapita na miguu yenye matope. Lakini jina la mjane linasomeka, na sahihi yangu chini yake pia. Shahidi wa pili alikuwa yule mvuta ndoo, mwenzake na marehemu. Yeye hajui kuandika, akaomba radhi kwa adabu, akachovya dole lake kwenye kidau cha Bwana Mashine.

Jumamosi tukakuta kufuli mpya kwenye milango yetu. Mama Pindo alikuwa ameshahamisha cherehani yake tangu Alhamisi. Mimi mjanja, kiti changu kilibaki ndani. Bwana Mashine akatuma mtu aniambie nitakipata nikiandika daftarini kwamba malipo yale yalikuwa makosa. Jibu nililompa mjumbe, mama yangu asingependa kulisikia. Nikaanza kunyoa watu juu ya kreti la soda barazani, nyumbani kwa Mama Pindo. Walilalamika migongo, lakini walikuja.

Wanachama wengi wakawa wanabeba mahindi yao hadi mashine ya ng'ambo ya daraja, mwendo wa saa nzima. Baadhi walirudi kwa Bwana Mashine baada ya wiki mbili, na siwalaumu, gunia ni zito. Mjane alinunua toroli na nyundo mbili, akaacha kumuuzia dalali, sasa kokoto zake anazipanga bei mwenyewe. Kiti changu nilikipata baada ya miezi mitatu, bila kuandika neno, kimetafunwa na panya mpaka hakikaliki.

Wiki iliyofuata, saa sita mchana, jua kali, mke wa Bwana Mashine akaja barazani. Hakupita vichochoroni, alikatiza katikati ya barabara, mbele ya mashine ya mumewe, watu wakimwona. Akaketi kwenye kreti langu, akasema anataka kujiunga na bima.

Nikamuuliza nani alipwe siku hiyo ikifika. Akataja binti yake mkubwa. Kisha nikamuuliza kama mzee nyumbani anajua. Mama Pindo akanikata jicho.

"Andika kwa herufi kubwa," mwanamke yule akasema. "Akija kuuliza, mwonyeshe."