Chumba Kilicholazwa Wodi ya Wanaume

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, daktari mpya aliyeitwa Kalamu alisimama kando ya kitanda namba sita, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, akisubiri kukaripiwa. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa sababu mfuko wa koti lake haukukosa kalamu nne na bado kila siku aliazima ya mtu mwingine. Mkononi alikuwa na fomu ya maswali kumi na moja, na alikuwa ameyajaza yote.

Aliyeipokea fomu ni mama mmoja, daktari bingwa mwenye mvi, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyeanzisha somo jipya la kuwafundisha madaktari wanaoanza kazi kutambua yale yanayomfanya mtu augue kutoka nje ya mwili wake: anapolala, kazi anayofanya, anachokula, anayeishi naye. Alilipigania miaka tisa, kikao baada ya kikao, mpaka wakubwa wakachoka kumkatalia.

"Swali la tatu, makazi," Mwalimu alisoma. "Umeandika 'ya kawaida.' Ndiyo nini?"

"Ndivyo alivyojibu mwenyewe, Mwalimu."

Mzee aliyelala kitandani, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, akainua mkono kama shahidi. "Nilisema kawaida. Mjukuu wangu huyu hajatia chumvi."

Alikuwa ameletwa Jumatatu, na ilikuwa mara yake ya tatu kulazwa katika miezi miwili. Kila mara kifua kilisafika kwa siku sita, akarudishwa kwake, na wiki mbili hazikupita kabla hajaletwa tena anapiga mluzi kwa kila pumzi.

"Kamwulize upya," Mwalimu alisema. "Na usimwulize kama karani wa sensa."

Saa nne Kalamu alivuta kiti, akaiweka fomu chini na kumwomba mzee amwelezee nyumbani kwake kama anayemwelekeza mgeni. Mzee akafumba macho. Akasema kuna mlango wa kahawia usiofunga vizuri, kuna ngazi mbili za kushuka, halafu kuna bomba. Alipofika kwenye bomba, mlango ulikuwa umeshatokea ukutani, kati ya kitanda chake na kabati la mashuka. Ulikuwa wa kahawia. Muuguzi wa zamu alipita na sinia la dawa, akautazama, akasema milango ya wodi haiachwi wazi ovyo, akausukuma kwa kiuno. Haukufunga vizuri.

Kalamu akaufungua, akashuka ngazi mbili. Kilikuwa chumba kimoja, nusu yake ardhini. Dirisha lilikuwa juu karibu na dari, na ingawa wodi ilikuwa ghorofa ya pili, dirishani ilionekana miguu ya watu wakipita barabarani. Bomba la maji machafu la wapangaji wa juu lilishuka pembeni mwa ukuta, na penye kiungo lilivuja ndani ya beseni. Ukuta wote wa upande ule ulikuwa mweusi kwa ukungu hadi usawa wa kifua cha mtu. Chini ya dirisha mwanamke wa makamo alikuwa akishona kola za mashati ya shule kwa cherehani.

"Karibu, daktari. Angalia kichwa, hapo pana boriti."

"Umefikaje hapa?" Kalamu aliuliza.

"Nimefika wapi? Mimi nipo nyumbani." Mshonaji alichungulia mlangoni, akamwona mzee kitandani. "Baba! Kumbe upo hapo tu! Nami kila jioni napanda mabasi mawili kuja kukuona."

"Sikujua, mwanangu," mzee alisema. "Ningejua ningekwambia uniletee mto wangu."

Akamletea.

Mwalimu alipokuja mchana alisimama kwenye ngazi ya juu kwa muda mrefu. Akagusa ukuta, akanusa kidole. Kisha akasahihisha fomu kwa mkono wake mwenyewe, akafuta "ya kawaida," na kumpa Kalamu alama tisa juu ya kumi. Moja aliikata kwa kuchelewa.

Kalamu alirudi chumba cha madaktari akiwa na furaha iliyomkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Ugonjwa ameujua. Ulikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwa mgonjwa, unadondoka kwenye beseni. Alichukua cheti cha dawa, akaandika: *Bomba libadilishwe. Ukuta ukaushwe na upigwe lipu upya. Mara moja.* Akatia sahihi, akakipeleka dirisha la dawa.

Mfamasia alikisoma mara mbili. "Mara moja kwa siku?"

"Mara moja basi."

"Hii hatuna. Mbadala wake?"

Kalamu alirudi na dawa ya kuvuta, ileile ya siku zote.

Katibu wa hospitali naye alisikiliza kwa adabu. Alisema chumba hakimo katika ramani ya jengo, kwa hiyo mafundi wa hospitali hawana ruhusa ya kukigusa. Mwenye nyumba, alipoitwa, alikuja saa za kutazama wagonjwa, akajiandikisha kwa mlinzi na kukagua dari. Alisema bomba si lake, ni la idara ya maji. Idara ya maji ikajibu kwa barua kwamba bomba lililo ndani ya hospitali ni la hospitali. Kalamu alizipanga barua hizo mezani kwa tarehe, kisha kwa ukubwa, na kwa namna yoyote alivyozipanga zilimrudisha kwa katibu.

Jioni alimpigia simu mama yake, kama alivyozoea mambo yakimzidi.

"Sasa mwanangu, wewe ni daktari au fundi bomba?"

"Hilo ndilo nalokuuliza, mama."

"Mimi nilikusomesha udaktari. Lakini huyo baba wa watu anakohoa?"

"Anakohoa."

Mama akamwuliza kama yeye mwenyewe amekula.

Siku ya sita kifua cha mzee kilisafika, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alivaa viatu, akaaga kitanda kwa kitanda, akawaombea wote wapone, akaenda hatua nne na kushuka ngazi mbili. Siku ya tisa alizipanda akishikwa mkono na binti yake. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

"Hodi tena," alisema. "Mjukuu wangu, nimekumiss."

Kalamu hakucheka. Siku hiyohiyo alikwenda nyuma ya jiko la hospitali kwa fundi aliyetengeneza vitanda na masinki, akamwomba kama mtu anavyomwomba kaka yake. Fundi hakuuliza habari za ramani. Alikuja na begi la vyuma, kipande cha bomba jipya na ndoo ya chokaa. Alikuwa tayari amepiga goti mbele ya kiungo kinachovuja pale Mwalimu alipotokea mlangoni.

"Subiri kwanza, fundi," alisema. "Mtihani ni Alhamisi."

Kalamu alidhani hakusikia vizuri.

"Madaktari wapya sitini," Mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Kutoka vyuo vitatu. Miaka yote nimewafundisha kwa picha, wakaandika 'ya kawaida.' Leo nina ukuta wanaoweza kuugusa. Ukiukausha, watajifunza nini?"

"Lakini Mwalimu, mzee anaumwa."

"Najua anaumwa. Na wako elfu ngapi huko nje wanaoumwa hivihivi, na daktari wao hajui aulize nini? Siku mbili tu, Kalamu."

Kalamu alimtazama, akatafuta ubaya usoni mwake ili apate mahali pa kushika. Hakuuona. Aliona mwanamke ambaye hajalala vizuri. Akamgeukia mshonaji, kwamba labda yeye ataamua, lakini mshonaji alikuwa na sindano nne mdomoni, na alishazoea kuambiwa siku mbili. Fundi akafunga begi lake.

Alhamisi waliingia watano watano. Waliambiwa wainame penye boriti. Waligusa ukuta, wakahesabu matone kwa dakika, wakamwuliza mzee maswali kumi na moja, naye akawajibu kumi na wawili wa mwanzo. Kuanzia hapo binti yake alijibu kwa niaba yake. Wote sitini walifaulu. Mmoja alilia, akapewa alama ya ziada ya utu.

Ijumaa fundi alikuwa amehamishiwa kwenye lifti. Jumatatu vyuo vingine viwili viliandika kuomba nafasi. Mzee alifariki Jumatano mchana, kitandani namba sita, mlango wake ukiwa wazi. Alikuwa ameomba usifungwe, apate kusikia cherehani.

Kalamu ndiye aliyejaza cheti. Penye chanzo cha kifo aliandika *bomba*. Karani wa masjala akakirudisha, akamweleza kwa upole kuwa kila chanzo kina namba yake kitabuni, na bomba halina. Walikipekua kitabu pamoja ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na namba ya kuumwa na nyuki na namba ya kuanguka kutoka kwenye ngamia. Mwishowe Kalamu aliandika *nimonia*, ambayo pia ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi.

Siku za msiba zilipokwisha alishuka kwa mshonaji, akamwambia ahame.

"Nihamie wapi, daktari?"

Mshonaji aliuliza kwa heshima, kisha akakanyaga cherehani, kwani shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Chumba kikabaki. Kwenye mlango pakabandikwa ratiba ya masomo, na ilipotolewa ramani mpya ya jengo kikachorwa humo kama darasa. Kalamu alimaliza mwaka wake kwa sifa, na Mwalimu akamwomba abaki kufundisha. Alikubali. Alijiambia kuwa aliye ndani ya jengo ana nafasi ya kufanya jambo. Kila mwezi alimwandikia katibu kuhusu bomba, na kila mwezi alijibiwa kwamba madarasa hayatengenezwi katikati ya muhula.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, siku ya kundi jipya, mshonaji alikohoa kikohozi kikavu na kuomba radhi. Kalamu alikijua kikohozi kile kabla hakijaisha. Alimsogezea kiti, akampandishia blauzi mgongoni, akaweka chombo cha kusikilizia chini ya bega la kushoto. Wanafunzi, waliosimama wamebanana kwenye ngazi mbili, walifungua madaftari.

"Vuta pumzi, dada," alisema. "Ndani kabisa."

Mshonaji akavuta, ndani kabisa, hewa iliyokuwemo.