Shahidi wa Nje ya Dirisha

Mume wangu Tarsisi alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini la kuandika wosia lilimshinda. Agnetha, msaidizi wa kisheria wa hapa Ushirombo, alimfuata hadi shambani kumweleza kwamba hatuna mtoto wa kiume, na akifumba macho bila wosia, mimi na binti yetu Blessing tutabaki kwa hisani ya ukoo. Tarsisi akamjibu kwamba kuandika wosia ni kujichuria. Nilimkasirikia siku ile, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, Mungu anisamehe.

Kisha duara, shimo alimokuwa akichimba dhahabu, likamwangukia. Walimrudisha nyumbani mgongo umevunjika, na hapo ndipo alipokumbuka wosia. Kalamu hakuweza kuishika. Agnetha akasema wa mdomo pia unakubalika, mradi mashahidi wanne wawepo pamoja, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa ukoo wakawa shangazi yake na binamu yake. Wa nje wakawa majirani zetu, Mama Philomena, ninayemwita mayu kama mama yangu mzazi, na katekista Ezekiel.

Sasa, Ezekiel amemwoa binti wa Philomena. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Philomena alikuwa ameshaketi kando ya kitanda akimlowanisha mgonjwa midomo. Ezekiel alifika mlangoni, akamwona, akarudi nyuma. Tarsisi mwenyewe alisema kwa shida kwamba aachwe akae nje chini ya dirisha, sauti ataisikia. Tuliona ni adabu tu, na hakuna aliyewaza zaidi. Agnetha angewaza, lakini siku hiyo alikuwa Kahama.

Nyumba na kiwanja Tarsisi akaviacha kwangu na kwa Blessing. Kesho yake akatutoka.

Mayala, mdogo wake, hakungoja hata matanga yaanuliwe. Alikuwa na mnunuzi tayari, mtu anayetaka kusimika karasha la kusagia mawe ya dhahabu pale ninapoanika mpunga. Nilipomtajia wosia alicheka. Akazunguka sokoni akitangaza kwamba wosia wangu una mashahidi watatu na dirisha moja. Nilikuwa silali. Nilimtazama Blessing akifagia uwanja ambao huenda si wetu tena, nikatamani kumfukua baba yake nimuulize uchuro ni upi.

Agnetha alinipa tumaini dogo. Alisema kila shahidi aeleze ilivyokuwa, naye hakimu anaweza kuikubali sauti iliyosikika dirishani. Aliwaambia hivyo mmoja mmoja, nao wakaitikia.

Mahakama ya mwanzo ilijaa ndugu wa Mayala. Shangazi na binamu walisema yao vizuri. Akaitwa Philomena. Mayala akasimama kumhoji, akamuuliza kwa upole wa kinafiki Ezekiel alikuwa wapi.

Yule mama alinitazama.

"Alikuwa ndani," akasema. "Tulikaa naye chumba kimoja."

Watu wakaguna. Mwanamke wa umri ule, aliyezaa na kuozesha, anajivua heshima yake mbele ya kijiji kizima, tena kwa uongo, kwa ajili yangu. Niliinuka nimkatize. Karani akaniamuru niketi, nami nikaketi.

Ilipofika zamu ya Ezekiel, Philomena alitoka kwa mlango wa nyuma ili mkwewe apate kuingia. Hivyo hakumsikia. Na Ezekiel, aliyekuwa akingoja nje, hakujua lililosemwa. Alishika Biblia, akaulizwa swali lile lile.

"Nilikuwa nje, mheshimiwa. Mama mkwe wangu alikuwa ndani. Yule ni mtu wa heshima, hawezi kukaa chumba kimoja na mimi."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema mashahidi wawili wa tukio moja wamepingana waziwazi, na yeye hajui amwamini nani. Wosia ukakataliwa, na Mayala akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi kama ukoo ulivyopendekeza. Agnetha aliinamia mikono yake. Baadaye alinong'ona kuhusu rufaa, lakini sauti yake haikuwa na imani.

Nilimkuta Philomena nyuma ya jengo, amejifunika kanga mpaka usoni. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Nimesema alikuwa ndani," akaniambia. "Nimejiaibisha, mwanangu, lakini nyumba umepata. Mkwe wangu naye amesemaje?"

Nilitafuta la kumdanganya nikakosa. Ndani Mayala alikuwa akipongezwa, na kicheko chake kilitufikia.

"Amekutunzia heshima yako, mayu," nikasema.