Jumamosi Tungemgeuza

Karani wa yadi ya magari mabovu alikuwa anakula sandwichi, na Lorene alikuwa amesimama dirishani pake, bado amevaa sare ya dobi ya makao ya wazee, ile ile ya jana, yenye damu iliyokaukia mkononi.

"Nimefuata kiti cha mtoto," alisema. "Kwenye gari la bluu lililogongana na lori jana, pale daraja la reli."

"Kadi ya gari ina jina la nani?"

"La mume wangu. Royce Hatcher."

"Mwambie aje."

"Yuko Dakota, kwenye visima vya mafuta. Harudi mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi mwisho wa mwezi."

"Kaka, hospitali hawaniruhusu kuondoka na mwanangu bila kiti. Anasubiri pale na bibi yake tangu asubuhi."

Karani alijifuta midomo. "Mama, mimi mambo ya hospitali siyajui. Mimi najua kadi."

Nyuma yake, kando ya jiko la umeme, mwanamume mwenye ndevu za mvi alikuwa anapasha viganja moto. Jina lake Dwight, dereva wa gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Alivaa kofia, akachukua funguo ukutani.

"Anakwenda kutazama tu," alisema. "Kutazama kunataka kadi?"

"Mimi sikukuona," karani alijibu, akarudi kwenye sandwichi.

Walipita katikati ya magari, wakikanyaga theluji iliyogeuka tope. Lorene alikuwa hajaliona gari lake tangu ajali. Alitolewa na watu wa zimamoto akiwa anapiga kelele, macho yake kwa mtoto, na mengine hakuyaona. Sasa aliyaona. Boneti ilikuwa imejikunja mpaka kwenye kioo. Upande wa abiria ulikuwa umeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Vitu alivyonunua juzi, vilivyokuwa vimelala nyuma, vyote vilikuwa vimekimbilia mbele. Kopo moja la maharage lilikuwa limezama kwenye dashibodi, limekwama humo, mtu asingeweza kulitoa kwa mkono.

Na katikati ya vurugu ile kiti cha Emmett kilikuwa kimesimama, kimeupa usukani mgongo, kinatazama kioo cha nyuma. Ndani yake mlikuwa na chenga za biskuti. Hazikuwa zimemwagika.

Lorene akasahau baridi.

"Jana nilipofika," Dwight alisema polepole, "nilikiona hicho kiti kabla ya kitu kingine. Nikamwambia polisi, mimi sisogei pale, nina wajukuu. Akaniambia, mtoto kashapelekwa, alikuwa analia. Nikamuuliza, analia? Akasema analia mpaka wanaziba masikio. Dada yangu, nilikaa chini kwenye ngazi ya gari langu nikavua kofia. Sijui nilikuwa namvulia nani."

Lorene aliingiza mkono akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti, pale palipochongwa kama kiganja kingine kikubwa. Asubuhi daktari alimweleza, na hakumwelewa vizuri. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito, alisema, na shingo bado changa. Gari likisimama ghafla, anayetazama mbele mwili unashikwa na mikanda, kichwa kinachomoka kwenda zake. Anayetazama nyuma anapokelewa mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. "Mwacheni hivyo hivyo," daktari alisema, "mpaka akizidi kiti chenyewe kwa uzito au urefu. Achaneni na miaka." Sasa, mbele ya lile kopo la maharage, Lorene alielewa kwa mwili mzima.

"Wewe ni mama mwenye akili," Dwight alisema.

"Hapana. Jumamosi tungemgeuza."

Kwa maana Emmett alikuwa ametimiza miaka miwili, na mama mkwe, Bernadine, alikuwa hampi Lorene nafasi ya kupumua. Mtoto gani huyu anatazama kitambaa cha kiti safari nzima kama kapewa adhabu? Miguu imejikunja kama ya chura! Royce nilimgeuza hajafikisha hata mwaka, mbona kakua? Lorene alichoka. Asubuhi ya jana alikwisha kuanza kufungua kiti akigeuze. Kifungo kilikuwa kigumu, na kazini kwa dobi ukichelewa unakatwa malipo ya saa nzima. Akasema basi, Jumamosi. Kilichomwokoa mtoto si akili wala mapenzi ya mama. Kifungo kigumu na hofu ya msimamizi. Alipowaza hayo akashika mlango wa gari.

"Naomba nikichukue."

Dwight alimwonyesha ufa mweupe chini ya kiti. "Hiki kimeshafanya kazi yake. Hakiwezi kumbeba mwingine." Akatoa kisu akakata mikanda mmoja mmoja, taratibu, mtu mwingine asije akakiokota.

Hospitali, Emmett alikuwa amelala kifuani kwa Bernadine, mzima, isipokuwa alama nyekundu mabegani. Ofisa wa kuruhusu wagonjwa, Bwana Kessler, alifungua kabati akatoa kiti kipya cha msaada.

"Una bahati, kimebaki kimoja."

Lorene alikigeuza huku na huku. "Hiki kinatazama mbele."

"Ndiyo. Ana miaka miwili."

"Daktari wenu ghorofa ya juu kasema atazame nyuma."

"Daktari anashauri. Sheria ya jimbo inataka kiti tu, haisemi kitazame wapi. Vya kutazama nyuma ni ghali, hatuletewi. Bima yako italipa."

"Lini?"

"Wiki kadhaa. Weka sahihi hapa."

Lorene hakushika kalamu. Alimpa Bernadine simu yenye picha ya gari aliyopiga yadini. Bibi alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulipanda wenyewe ukaishika shingo ya mjukuu, nyembamba, yenye jasho la usingizi.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele."

"Gari la bibi liko nje," Kessler alisema. "Mkikataa kiti, hamwezi kumpakia. Mtaondokaje?"

"Kwani mguu nao una sheria?" Lorene aliuliza.

"Mama, ni mbali. Na huyu bibi—"

"Huyu bibi ana magoti mabovu," Bernadine alimkatiza akiinuka, "lakini ni yake. Gari litalala hapo hapo. Andika tumekataa."

Akaandika.

Wakatoka. Lorene alimbeba Emmett ndani ya koti lake, Bernadine akaenda ubavuni akichechemea. Ilikuwa saa ya shule kufungwa, na barabara kuu ilijaa magari. Taa nyekundu ilipowaka wakasimama pembeni, na foleni ikasimama mbele yao. Lorene akaona nyuma ya vioo vile watoto wadogo, wengine hata Emmett kawazidi umri, wamefungwa vizuri, wamependeza kwa kofia zao, nyuso zote zimeelekea mbele. Mmoja alimpungia mkono.

Alitaka kugonga kioo. Taa ikawa kijani.