Jiwe Lililosogezwa na Urafiki

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa barazani kwake akipachika kola ya shati la shule, redio ikatangaza kwamba nchi ya jirani imepata rafiki mpya, nchi kubwa yenye vifaru vingi. Hakuinua kichwa. Alimaliza kola, akakata uzi kwa meno, ndipo akaenda uani kulitazama jiwe la mpaka. Siku zote lilikaa nyuma ya choo. Sasa lilikuwa kando ya banda la kuku, na jogoo alikuwa amesimama juu yake.

Ng'ambo ya jiwe aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alikuwa anaanika nguo.

"Wifi, jiwe lenu limeingia kwangu bila hodi."

"Lenu na nani? Mimi ndiye niliyelituma?" wifi alijibu. "Labda limesikia harufu ya maharage yako yaliyoungua, limekuja kukupa pole. Masikini kaka yangu, alivumilia mengi yule."

Wakacheka, ila si sana. Wote wawili walijua mambo yalivyo. Nchi jirani ikipata rafiki, jiwe husogea huku. Huku wakipata rafiki, husogea kule. Matusi ya wakubwa hayakuwahi kulitikisa; lilisogea kwa urafiki tu.

Na sheria ilijulikana na kila mtu: mwanamume ni wa nchi ile ambamo kitanda chake kimo. Kule, vijana wote walichukuliwa jeshini, na mtoto wa wifi alishakwenda. Huku, mtoto pekee wa mjane aliachwa amtunze mama yake. Fundi alikuwa na mtoto mmoja tu, mchomeleaji mageti aliyeitwa Cheche. Chumba cha Cheche ndicho kilichopakana na banda la kuku.

Haikupita wiki, nchi jirani ikapata rafiki mwingine.

"Huyu si alikuwa rafiki yetu sisi?" Cheche aliuliza.

"Alikuwa. Shika huko miguuni tusogeze kitanda."

Jiwe likapita ukutani bila kuvunja tofali, likakaa katikati ya chumba. Kitanda kikahamia sebuleni.

"Mama, mimi ni mtu wa kuoa sasa. Nikamwambie mchumba nalala chini ya cherehani?"

"Mwambie unalala ndani ya nchi."

Jiwe lilipofika sebuleni, kitanda kilihamia barazani. Lilipofika barazani, kilivuka barabara kikaingia kwa fundi viatu, Cheche akawa analala katikati ya soli na harufu ya gundi. Kila mara karani wa mpaka alikuja na kamba yake, akavua viatu mlangoni, akapima, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Jikoni kwa fundi cherehani kukawa nchi nyingine. Alivuka kwenda kupika, akavuka kurudi na sufuria.

Katika sala zake hakuomba jiwe lirudi, maana aliona huko ni kumpangia Mungu kazi. Aliomba redio inyamaze. Akatoa betri, akaziweka juani. Redio ikaendelea kusema.

Siku moja mchana ikasema kwamba ile nchi kubwa yenye vifaru imemwacha jirani, sasa ni rafiki yetu wa damu. Jiwe likageuka. Likapita sebuleni, chumbani, bandani, likapita choo, likaingia kwa wifi mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, likaenda mbali hadi macho yakashindwa. Watu walipiga vigelegele barabarani. Cheche alijitwika kitanda, akakirudisha chumbani huku akipiga mluzi. Mama yake alitandika shuka safi, akapiga magoti, akashukuru.

Alikuwa bado hajainuka karani alipobisha hodi. Safari hii alikuwa na askari.

"Hongera mama. Nchi yetu imekuwa kubwa."

"Asante, baba."

"Sasa ukubwa unataka walinzi. Ile ruhusa ya watoto wa wajane imefutwa."

Fundi aliinuka akishika ukingo wa kitanda. "Lakini kitanda kiko huku. Kiko ndani kabisa, baba. Njoo upime."

"Hakuna haja ya kupima, mama. Kiko ndani kabisa, ndiyo maana tumekuja."

Cheche alinawa masizi mikononi, akamwinamia mama yake amguse kichwa, akaondoka nao. Alipangiwa kulinda jiwe, huko lilikosimama. Ng'ambo yake alikuwepo binamu yake, yule mtoto wa wifi, naye kapangiwa hivyo hivyo.

Jioni wifi alikuja na bakuli la uji. Alikuwa amehamia nchi hii bila kutoka kwake. Aliketi kwenye kigoda, akamtazama fundi asiyekula.

"Kunywa. Huu haujaungua, nimeupika mimi."

Fundi akanywa kidogo. Redio ikakohoa, ikaanza ule wimbo wa kabla ya taarifa. Wanawake wale wawili wakashikana mikono, taarifa ikaanza.

"Kuna aliyepata rafiki tena," wifi alisema, akitega sikio. "Wao au sisi?"

"Wote wawili," alisema fundi. "Kila mmoja na wake."

Wakasubiri kusikia jiwe likijikokota kuja huku, au likienda kule. Halikwenda popote. Kutoka kule lilikosimama, mbali, ukaja mlio wa kwanza wa bunduki.