Siku 1,112 Bila Kuzimwa

Kitengo cha kumbukumbu cha hospitali kilikuwa na fahari moja tu: seva yao ilikuwa na siku elfu moja mia moja na kumi na mbili bila kuzimwa. Kila asubuhi Mkuu wa kitengo aliandika hesabu ubaoni kwa wino mwekundu, kama mtu anayehesabu miezi ya mimba ya mkewe. Kwenye swichi alibandika karatasi: ATAKAYEZIMA ATANITAMBUA.

Jumatatu, Fundi wa kompyuta alimfuata ofisini wakiwa wawili tu.

"Mzee, mfumo endeshi una ufa. Mtu akiingia na akaunti ya chini kabisa, anapanda mpaka anakuwa mwenye nyumba. Na wezi wa mtandaoni wameshaanza kuutumia huko nje. Kiraka cha kuuziba ninacho. Tuzime, tuwashe, basi."

"Tuzime? Ikigoma kuamka je? Hiyo imezeeka kama mimi."

"Mzee, usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, najua. Andika ombi."

Fundi akaandika. Akaliandika kwenye seva hiyohiyo, maana ndio utaratibu. Jumanne akaandika la pili, Jumatano la tatu. Majibu yakawa kama mvua ya kiangazi.

Alhamisi wezi wakaingia bila hodi. Walipitia akaunti ya dada yake Fundi, karani wa mapokezi. Nywila yake, yaani neno la siri la kuingilia, ilikuwa jina la idara na mwaka, kama za wenzake wote pale dirishani. Akaunti nyonge, kazi yake kuandika jina la mgonjwa na namba ya simu. Dakika chache tu, ikawa na amri juu ya kila kitu. Mafaili ya wagonjwa elfu tisa yakafutwa.

Ijumaa Mkuu, Fundi na dada yake wakaitwa kikaoni.

"Akaunti ni yako?" akauliza mwenyekiti.

"Ni yangu," dada akajibu. "Lakini jamani, mimi hata kubadilisha picha ya skrini inanikatalia! Mdogo wangu, hebu waambie."

Fundi akawaambia yote: ufa, kiraka, maombi matatu.

"Tuonyeshe hayo maombi."

Maombi yalikuwa ndani ya seva. Wezi walipokwisha kuwa wenye nyumba, walifagia kila kitu, wakabakiza mstari mmoja tu: jina la dada yake na saa aliyoingia.

Fundi akamgeukia Mkuu. "Mzee, si nilikuambia?"

Mkuu akakagua wino mwekundu vidoleni mwake. "Nyie vijana mnaniambia mengi."

Saa nane mchana dada alikabidhi kitambulisho na funguo za dirisha alilokaa miaka kumi na minne. "Usilie," akamwambia Fundi, "utalowesha nyaya zako." Yeye mwenyewe alikuwa analia.

Fundi akarudi chumba cha seva, akabandua karatasi. Hakuna aliyemkataza. Akaweka kiraka, akazima, akawasha. Seva ikaamka bila hata kukohoa. Dakika sita.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. "Imeamka?"

"Imeamka."

Mzee akaenda ubaoni, akafuta kwa kiganja, akaandika: 1.